Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Juisi na Smuthi za Kijani kwa Sukuma Wiki na Matunda

Watu wengi wanaojaribu vinywaji vya kijani na kuviacha baada ya muda mfupi huilaumu ladha ya majani, ilhali mara nyingi kilichoharibu kinywaji ni utaratibu: majani yalitiwa mengi kupita kiasi, vikonyo havikutolewa, kila kitu kilisagwa kwa mpigo mmoja, na tunda lililotegemewa kuleta utamu halikuwa limeiva. Sukuma wiki ni jani gumu lenye nyuzi nyingi na ukali wa asili, kwa hiyo inabidi lishughulikiwe lenyewe kwanza kabla ya kufikiria tunda litakaloandamana nalo. Anayelijua jani lake anaweza kubadilisha matunda apendavyo. Asiyelijua hatasaidiwa na orodha ya viungo hata iwe ndefu kiasi gani.

Juisi au smuthi?

Vinywaji hivi viwili huchanganywa sana katika mazungumzo, lakini ni vitu tofauti. Smuthi ni tunda na jani zima vilivyosagwa pamoja na kimiminika, na chochote kilichoingia kwenye jagi hunywewa. Juisi ni maji yaliyokamuliwa, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki kwenye makapi. Nyuzinyuzi ndizo zinazosaidia mtu ahisi kushiba na zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, hivyo kuziondoa kuna gharama yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu hupata kwa siku, kiwango ambacho ni takribani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na sukari iliyomo katika juisi ya matunda huhesabiwa humo hata kama hakuna aliyeongeza kijiko cha sukari.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kwamba anayetaka kinywaji cha kila siku atengeneze smuthi, na anayependa juisi aikamue zaidi kutokana na mboga, hasa tango na sukuma wiki, huku tunda likiwa la kurekebisha ladha tu. Juisi ya matofaa manne yenye jani moja la kijani ni juisi ya tofaa iliyotiwa rangi.

Kuchagua na kuchambua majani

Kuna sukuma wiki yenye majani mapana yaliyonyooka, kuna yenye kingo zilizojikunjakunja, na kuna yenye majani membamba, marefu, ya kijani iliyokolea karibu na weusi. Zote zinafaa. Iliyojikunja ni ngumu zaidi kuosha na huhitaji muda mrefu zaidi kwenye blenda. Kinachoamua ladha zaidi kuliko aina ni umri wa jani: majani machanga, yasiyozidi ukubwa wa kiganja, ni laini na hayana uchungu mwingi, ilhali majani makuu ya chini ya mmea huwa makali na yenye nyuzi zinazonasa kwenye meno. Chagua majani yenye rangi iliyokolea, yanayokatika kwa sauti unapoyakunja, na uache yaliyoanza kuwa ya manjano.

Kutoa kikonyo si lazima kutumie kisu. Shika kikonyo upande wa chini kwa mkono mmoja, kizungushie kidole gumba na cha shahada vya mkono wa pili pale jani linapoanzia, kisha vuta kuelekea nchani kwa mwendo mmoja. Jani litachanika pande zote mbili na kubaki kiganjani, na mkono wa kwanza utabaki umeshika kikonyo kitupu. Karibu na ncha mshipa wa katikati huwa mwembamba na laini, kwa hiyo ukikatika hapo uache tu. Vikonyo usivitupe, kwa kuwa vinafaa sana kwa juisi ya kukamua, ambayo haijali ugumu wa nyuzi.

Majani yaoshwe kabla ya kukatwa. Yatie kwenye bakuli kubwa lenye maji baridi, yasukesuke, kisha yaache yatulie kwa dakika mbili ili mchanga uzame. Hapo yanyanyue majani kwa mikono na kuyatoa. Ukimwaga maji huku majani yakiwa bado ndani, mchanga uliozama utayarudia. Malizia kwa kuyapitisha chini ya maji yanayotiririka, ukifungua mikunjo kwa vidole, kwani humo ndimo vidukari hujificha. Sabuni haitakiwi, kwa sababu jani huweza kuinyonya na mabaki yake hayatoki kwa urahisi. Uangalifu huu una uzito kuliko katika upishi wa kawaida: mboga ya kupikwa hupita kwenye moto unaoua vijidudu, hii haipiti.

Uchungu unatoka wapi, na unapunguzwaje

Sukuma wiki ni ya jamii moja na kabichi, brokoli na haradali, na mimea hii hubeba viambata viitwavyo glukosinoleti. Jani likiwa zima, viambata hivyo huwa vimetenganishwa na kimeng'enya kinachovivunja. Linapokatwa au kusagwa, viwili hivyo hukutana na kuzaa ule ukali unaopanda puani, ambao ni ndugu wa ukali wa haradali. Ndiyo sababu jani lililokatwakatwa jana na kuwekwa kwenye mfuko huweza kuwa na harufu kali kuliko lililokatwa dakika chache kabla ya kusagwa.

Zipo njia mbili za kulainisha jani ambalo bado ni kali. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendelea, ni kuligandisha. Kausha majani vizuri baada ya kuyaosha, yapange yakiwa yamelala ndani ya mfuko, toa hewa na uyaweke kwenye friza usiku kucha. Maji yaliyomo ndani ya seli yakiganda hupasua kuta zake, na asubuhi unaweza kuufinya mfuko kwa mikono hadi majani yasagike kuwa vipande vidogo vikavu, ambavyo hata blenda dhaifu huvimaliza. Njia ya pili ni kuyatumbukiza majani katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha kuyahamishia mara moja kwenye maji yenye barafu. Ukali hupungua sana na rangi hung'aa, lakini sehemu ya vitamini C hupotelea kwenye maji na joto. Njia hiyo ibakie kwa majani makuu yasiyokubali mbinu nyingine.

Matunda: utamu, uchachu na uzito

Kinywaji cha kijani kinachonyweka huwa na mambo matatu kutoka kwenye matunda: utamu wa kuusawazisha uchungu, uchachu wa kuifungua ladha, na uzito unaokifanya kiteremke kwa ulaini. Ndizi mbivu huleta utamu na uzito kwa pamoja. Isubiri hadi ganda lipate madoadoa ya kahawia, kwani wakati huo sehemu kubwa ya wanga wake imeshageuka sukari. Ndizi yenye ncha za kijani hufanya smuthi iwe na ladha ya chaki. Embe hufanya kazi kama hiyo, na harufu yake nzito hufunika majani vizuri. Nanasi, kwa maoni yangu, ndilo tunda linaloishinda sukuma wiki kuliko yote, kwa kuwa utamu na uchachu wake huja pamoja. Tofaa la kijani, peasi, zabibu na tango huleta ladha nyepesi zaidi, na limau au ndimu hufaa karibu kila mchanganyiko.

Nanasi lisilopikwa lina tahadhari moja. Kimeng'enya chake kiitwacho bromelaini huvunja protini za maziwa, na smuthi yake iliyotengenezwa kwa maziwa au mtindi huanza kuwa chungu ikikaa. Papai na kiwi vina vimeng'enya vya namna hiyo pia. Ukiyatumia matunda hayo, tumia maji, maji ya dafu au tui jepesi, au unywe kinywaji chako papo hapo.

Rangi nayo ina mantiki yake. Matunda mekundu, kama stroberi, yakikutana na kijani hutoa rangi ya kahawia inayofukuza hamu hata kama ladha ni nzuri. Anayetaka kijani safi atumie matunda ya manjano au meupe. Anayewaandalia watoto wasiotaka kuona kijani atumie beri za zambarau kwa wingi, zinazofunika kabisa. Ila ikiwa lengo ni kunufaika na flavanoli, yaani viambata vya asili vya mimea vilivyomo katika beri, ndizi isitiwe humo: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kimeng'enya cha ndizi kinachosababisha weusi wake hupunguza kwa kiasi kikubwa flavanoli zinazofika mwilini. Hilo si kosa la ndizi yenyewe, wala si sababu ya kuacha kuila.

Kitu cha mwisho cha kuongeza ni mafuta kidogo. Beta-karotini, luteini na vitamini K vilivyomo katika sukuma wiki hufyonzwa vizuri zaidi vikiandamana na mafuta, na robo ya parachichi au kijiko kimoja cha siagi ya karanga kinatosha. Sukari haihitajiki. Kama kinywaji hakina utamu wa kutosha, tunda halikuiva, na tende moja au mbili zilizotolewa kokwa zitaziba pengo hilo.

Kusaga smuthi, hatua kwa hatua

Kipimo cha kuanzia, kinachotoa glasi mbili, ni hiki: mililita 250 za maji baridi, gramu 30 za majani yaliyochambuliwa (konzi moja iliyojaa), ndizi moja mbivu iliyomenywa, kukatwa vipande na kugandishwa, gramu 150 za nanasi au embe, kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau na robo ya parachichi. Gramu 30 zitaonekana chache kwa mwenye shauku, lakini ni kiasi ambacho karibu kila mtu hukikubali. Baada ya wiki moja au mbili, ulimi na tumbo vikishazoea, panda hadi 45, kisha 60.

1. Tia maji na majani peke yake kwenye jagi. Anza kwa kasi ndogo hadi majani yavutwe chini, kisha ongeza hadi kasi ya juu na uache isage kwa sekunde 45 hadi 60. Zima, kwangua pembeni kwa mwiko, na usage tena kidogo.

2. Kagua. Mimina kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe na uiinamishe sahani. Ukiona chembe za kijani zikielea katika maji hafifu, jani halijasagika. Ukiona rangi moja iliyoenea bila chembe, endelea. Hatua hii huchukua sekunde kumi, na ndiyo inayotenganisha smuthi laini na ile inayotafunwa. Matunda yakishaingia ni vigumu kurudi nyuma, kwa sababu mchanganyiko unakuwa mzito na vipande vya majani huzunguka bila kuvifikia visu.

3. Tia matunda laini, parachichi na limau, usage kwa nusu dakika.

4. Malizia kwa vilivyoganda. Vikitangulia huganda chini ya visu na kuitesa mota. Kama blenda yako si ya kuvunja barafu, na maelezo yake husema hivyo waziwazi, acha ndizi ilainike mezani kwa dakika kumi kwanza.

Visu vikizunguka huku mchanganyiko umesimama, hewa imenasa katikati. Zima, chomoa kwenye umeme, sukuma kwa mwiko na uongeze vijiko viwili vya maji. Mwiko usiingizwe kamwe mota ikiwa inafanya kazi. Blenda ndogo inahitaji kupumzika dakika moja baada ya kila dakika ya kusaga, na jagi lisijazwe zaidi ya theluthi mbili.

Onja kabla ya kumimina. Uchungu ukizidi, ongeza limau na chembe chache sana za chumvi. Chumvi hupunguza jinsi ulimi unavyouhisi uchungu, na kwa kiasi hicho huwezi kuitambua. Utamu ukizidi, tia tango. Ikiwa nyepesi mno, kijiko kimoja cha mbegu za chia kitaifanya nzito baada ya kama dakika kumi.

Utaratibu huo huo unabeba michanganyiko mingine. Peasi lililoiva, nusu parachichi, majani machache ya nanaa na mtindi mwepesi hutoa kinywaji kizito kinachoweza kusimama badala ya kifungua kinywa. Tofaa la kijani, tango na kipande cha tangawizi chenye urefu wa sentimita mbili hutoa kinywaji chepesi cha mchana. Tangawizi iparwe kwanza, la sivyo nyuzi zake zitajifunga kwenye visu.

Kukamua juisi, kwa mashine na bila mashine

Kwa takribani nusu lita au pungufu kidogo, andaa gramu 100 za sukuma wiki pamoja na vikonyo vyake, tango moja kubwa, matofaa mawili ya kijani, nusu ya limau lililomenywa na kipande cha tangawizi. Mbegu za tofaa ziondolewe.

Mashine za kukamua ni za namna mbili kuu. Zile za kasi hukwangua na kurusha. Zinafaa kwa tofaa na tango, lakini jani likiingia peke yake hupita upande wa pili likiwa karibu zima. Dawa yake ni kuyakunja majani kwa kuyabana yawe kama msokoto, kuyatia katikati ya vipande viwili vya tofaa, kisha kuvisukuma vyote pamoja taratibu. Mashine za taratibu, zinazosokota na kuminya, hukamua majani vizuri zaidi na hutoa povu dogo, ila huchosha mtu mwenye haraka.

Asiye na mashine yoyote kati ya hizo atumie blenda na kitambaa. Saga viungo vyote kwa mililita 200 za maji hadi viwe uji, ukianza na majani kama ilivyoelezwa. Tandaza kitambaa chepesi kisichochuja rangi, kilichochemshwa na kupozwa, juu ya bakuli, mimina, kusanya pembe zake na uanze kukinyonga kutoka juu kwenda chini. Mwanzoni juisi hutiririka. Baadaye inabidi ukaze, upumzike, na ukaze tena, hadi makapi yabaki makavu kiasi cha kumeguka. Engua povu lililo juu, kwani ndilo linalobeba sehemu kubwa ya ladha ya majani mabichi. Makapi yanaweza kutiwa kwenye supu au kuchanganywa na unga wa chapati.

Kuhifadhi

Kinywaji hiki ni bora kikinywewa ndani ya dakika chache. Ikibidi kuhifadhi, kijaze kwenye chupa ya kioo hadi ukingoni ili hewa isipate nafasi, kifunike, kiweke kwenye friji yenye nyuzi joto 4 au chini yake, na kimalizwe ndani ya saa 24. Kutengana kwa maji na uzito ni jambo la kawaida na hurekebishwa kwa kutikisa. Kugeuka kutoka kijani angavu hadi rangi ya zeituni nako hakumaanishi kwamba kimeharibika: asidi ya limau na matunda huondoa magnesiamu kwenye klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na rangi hubadilika. Lakini kifuniko kikivimba, viputo vikianza kupanda, au harufu ikiwa ya uchachu wa kitu kilichochina, kimwage bila kukionja.

Kwa wenye asubuhi zenye haraka, njia nzuri kuliko kuhifadhi smuthi iliyokwisha kusagwa ni kugandisha viungo. Pima majani na matunda ya mara moja kwenye kila mfuko, uviweke kwenye friza, na uvitumie ndani ya miezi mitatu hivi. Jambo lingine linalookoa muda ni kusaga majani mengi kwa maji kidogo na kuyagandisha kwenye trei ya barafu.

Nani awe mwangalifu

Sukuma wiki ina vitamini K nyingi mno: gramu 100 za majani mabichi hutoa zaidi ya mara tatu ya kiasi ambacho mtu mzima anahitaji kwa siku. Kwa anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda, kuanza ghafla kunywa glasi kubwa kila siku kunaweza kupunguza nguvu ya dawa, na kuacha ghafla kunaweza kuiongeza. Azungumze na daktari wake kwanza, kisha ashike kiwango kisichopandapanda. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu naye asianze bila ushauri, na mwenye kisukari achague smuthi yenye tunda kidogo badala ya juisi. Wenye matatizo ya tezi ya shingo na wasiopata madini joto ya kutosha wasifanye majani mabichi mengi kuwa mazoea, kwa kuwa baadhi ya viambata vyake huingilia namna tezi hiyo inavyotumia madini hayo, kupika huvipunguza. Wanaopata vijiwe vya figo vya oksaleti watafurahi kujua kwamba sukuma wiki ina oksaleti kidogo sana ikilinganishwa na spinachi, hivyo kwao ni chaguo salama zaidi kati ya hizo mbili.

Watoto walio chini ya mwaka mmoja hawapaswi kupewa juisi, wala asali kama kionjo. Na madai kwamba kinywaji cha kijani husafisha sumu mwilini hayana uzito: kazi hiyo hufanywa na ini na figo, na hakuna haja ya kushinda siku nzima bila chakula ukinywa juisi peke yake.

Kusafisha vyombo

Suuza jagi mara tu baada ya kumimina, kwa sababu majani yaliyokauka hung'ang'ania kioo na plastiki. Tia maji ya uvuguvugu hadi nusu pamoja na tone la sabuni, washa kwa nusu dakika, mwaga na usuuze. Visu vinavyofunguka vitolewe, na mpira ulio chini yake uvuliwe na kuoshwa kila baada ya matumizi machache. Hapo ndipo maji ya matunda hukusanyika, na smuthi yenye harufu isiyoeleweka ingawa viungo vyake ni vibichi kwa kawaida imeitoa kwenye mpira huo. Kitambaa cha kuchujia kisuuzwe mara moja, kichemshwe kwa dakika kumi na kianikwe juani hadi kikauke kabisa kabla ya kukunjwa.